Kurekebisha makosa ya faharasa za sensa kwenye tovuti za nasaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu sensa za zamani zilizopigwa picha na kunukuliwa ili majina yatafutike mtandaoni. Mifano mingi ni ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa sensa za nchi hizo ndizo zenye maswali mengi zaidi.

Nitajuaje kama kosa ni la faharasa au la sensa yenyewe?

Fungua picha ya ukurasa kabla ya kugusa kitu chochote. Sensa ya zamani imepita mikono kadhaa kabla ya kukufikia. Kwa Uingereza na Wales, kuanzia 1841 hadi 1901, karatasi ya kila kaya ilikusanywa na karani wa sensa, naye akainakili kwenye daftari lake. Daftari hilo ndilo lililopigwa picha. Miaka mingi baadaye mnukuzi, na siku hizi pengine kompyuta, akasoma picha na kuchapa alichokiona. Hicho kilichochapwa ndicho faharasa, na ni hapo tu unapoweza kurekebisha.

Soma wino herufi kwa herufi bila kufikiria jina unalolitarajia. Kama faharasa inasema kile kile kilichoandikwa, basi faharasa haina kosa, hata kama karani aliliharibu jina la babu yako vibaya sana. Sensa ya 1911 ya Uingereza na Wales ina tofauti moja kubwa: picha zake ni za karatasi za kaya zenyewe, mara nyingi kwa mwandiko wa mkuu wa kaya. Huko ukikuta jina la ajabu, huenda ni mwenyewe aliyeliandika hivyo.

Ni makosa gani ya kusoma yanayojirudia zaidi?

Herufi kubwa zinaongoza. L husomwa S, T husomwa F, I na J hubadilishana, K huwa H, W huwa M. Dawa yake ni kutafuta herufi hiyo hiyo kwenye neno lisilo na ubishi katika ukurasa huo huo. Karani aliandika majina ya kawaida mara nyingi, kama Thomas, Sarah na London. Linganisha T yake ya Thomas na ile inayokusumbua, na mara nyingi jibu linapatikana hapo hapo.

Kisha kuna s mbili za zamani. Katika miandiko ya karne ya 19, s ya kwanza kati ya mbili iliandikwa ndefu, ikashuka chini ya mstari kama f. Kwa hiyo Ross amekuwa "Rofs" na Jesse amekuwa "Jefse" au "Jepe" katika faharasa nyingi. Ukikosa jina lenye ss, litafute kwa fs na kwa p.

Vifupisho navyo vina mitego. "Jno" ni John, si Jonathan. "Jas" ni James, "Wm" ni William, na "Xpher" ni Christopher. Makarani wa Kiingereza waliandika pia "do" badala ya kurudia neno la mstari wa juu, na wapo wanukuzi walioichukua kama jina. Vistari vya kurudia ni hatari zaidi: karani aliandika jina la ukoo mara moja kwa baba, kisha akaweka kistari kwa mke na watoto. Mpangaji au mtumishi akifuata chini yao na jina lake limefifia, faharasa humpa jina la ukoo la mwenye nyumba. Mtu wa namna hiyo hapatikani kabisa kwa jina lake, na ndiye anayehitaji marekebisho kuliko mwenye herufi moja iliyokosewa.

Umri kwenye picha hausomeki. Kuna mstari umepita juu yake. Ni nini?

Ni alama ya mhesabuji. Madaftari yalipofika kwenye ofisi ya sensa London, makarani wa huko walipita safu ya umri wakipiga mkwaju (mstari mfupi wa mshazari) kwa kila mtu waliyekwisha kumhesabu. Mkwaju mara nyingi uliangukia juu ya tarakimu. Picha nyingi za sensa hizo zimetokana na filamu ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi ya wino haiwezi kukusaidia kutenganisha kalamu mbili.

Kuza picha, kisha angalia mistari mitano ya juu na mitano ya chini. Mikwaju ina mwinamo mmoja na urefu unaokaribiana kwa sababu ilipigwa na mkono mmoja kwa haraka. Ukishaujua mwinamo huo, uondoe kichwani kwenye mstari wako na usome kinachobaki. Mara nyingi "41" inabaki kuwa 11 na "8" inabaki kuwa 0. Angalia pia safu: fomu zina safu moja ya umri wa wanaume na nyingine ya wanawake, na mtoto wa kike aliyeandikwa kwenye safu ya wanaume ni kosa la karani, si la mnukuzi. Kwa watoto wachanga, "3/12" ni miezi mitatu. Faharasa inayosema miaka 3 hapo inastahili kurekebishwa.

Umri umenukuliwa vizuri, lakini mwaka wa kuzaliwa ni mbaya. Mbona sioni pa kuurekebisha?

Kwa sababu kwenye sensa nyingi mwaka huo haukuandikwa na mtu. Tovuti imeukokotoa kwa kutoa umri kwenye mwaka wa sensa, na ndiyo maana kwa kawaida unaonyeshwa kuwa ni makadirio. Mtu mwenye miaka 30 katika sensa ya Uingereza ya 2 Aprili 1911 alizaliwa kati ya 3 Aprili 1880 na 2 Aprili 1881. Hesabu ya kutoa inampa 1881, ilhali uwezekano mkubwa ni 1880. Sensa ya Marekani ya 1920 inaonyesha tatizo hili waziwazi zaidi: siku yake rasmi ilikuwa 1 Januari, kwa hiyo mwenye miaka 30 alizaliwa 1889, isipokuwa awe amezaliwa siku ile ile ya Mwaka Mpya wa 1890. Hesabu ya kutoa inasema 1890.

Usiripoti hilo kama kosa la unukuzi. Rekebisha umri tu, kama nao umekosewa, na mwaka utafuata wenyewe. Sensa ya Marekani ya 1900 ni ubaguzi mzuri: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa kwenye safu zake, na hizo zinaweza kulinganishwa na wino.

Jihadhari pia na 1841. Makarani wa Uingereza walielekezwa kushusha umri wa watu wa zaidi ya miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake. Mwenye miaka 34 akaandikwa 30. Si wote waliofuata agizo hilo, lakini ukikuta 30 iliyoandikwa waziwazi, iache ilivyo.

Ninafanyaje marekebisho, hatua kwa hatua?

Majina ya vitufe hubadilika tovuti zinapofanyiwa ukarabati, ila taratibu ni tatu, na inafaa ujue tovuti yako inafuata upi.

Ancestry inaongeza maelezo mbadala. Ingia kwenye akaunti, fungua ukurasa wa rekodi ya mtu (si wa mti wako), chagua kuongeza au kusasisha maelezo, chagua kipengele, andika usomaji wako, kisha chagua sababu. Orodha ya sababu inatenganisha kosa la unukuzi, kosa lililo kwenye karatasi yenyewe, na jina la namna nyingine kama la utani au la kabla ya ndoa. Chagua kwa uangalifu, maana ndicho kitu pekee kitakachomweleza msomaji anayefuata kwa nini kuna majina mawili. Usomaji wa awali hauondolewi.

FamilySearch inakuruhusu kuhariri faharasa moja kwa moja bila malipo, kwenye mikusanyo iliyofunguliwa kwa kazi hiyo. Fungua rekodi pamoja na picha, bofya alama ya kuhariri kwenye kipengele husika, onyesha sehemu ya picha inayobeba neno hilo, andika, taja sababu, hifadhi. Hatua ya kuonyesha sehemu kwenye picha watu huiona kero, lakini ndiyo inayozuia kurekebisha mstari wa jirani kwa bahati mbaya. Huko pia maandishi ya kwanza hubaki.

Findmypast inapokea ripoti. Kwenye ukurasa wa unukuzi kuna sehemu ya kuripoti kosa. Unajaza kile unachosoma kwenye vipengele vilivyokosewa, kisha wahudumu wanalinganisha na picha. Wakikubali, unukuzi wenyewe hubadilishwa. Wakiona picha haisemi ulichoandika, ripoti hukataliwa.

Popote ulipo, fanya mambo mawili kabla ya kubofya hifadhi. Hakikisha namba ya mstari kwenye picha na mtu uliyemfungua vinalingana, hasa kaya yenye akina Mary wawili. Na usiandike vyeo, alama za kuuliza au maelezo ndani ya kisanduku cha jina, kwa sababu kila unachoandika hapo kinaingia kwenye utafutaji. "Mary?" haitampata mtu anayetafuta Mary.

Niandike nini kwenye nafasi ya maelezo?

Kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukihakiki kwenye ukurasa huo huo. "Herufi ya kwanza ni L, linganisha na Leeds mstari wa 12" inatosha. "Huyu ni bibi yangu, namjua" haisaidii, hata kama ni kweli.

Karani mwenyewe aliandika jina vibaya. Nirekebishe?

Inategemea utaratibu wa tovuti. Pale ambapo marekebisho yanaongezwa pembeni na ya awali yanabaki, ongeza jina sahihi na uchague sababu inayosema kosa liko kwenye karatasi. Wengine watampata mtu huyo kwa urahisi na hakuna kilichopotea. Pale ambapo unukuzi unabadilishwa, usiombe. Kazi ya unukuzi ni kusema karatasi inasema nini, na kosa la karani ni sehemu ya ushahidi: linaweza kuonyesha jinsi jina lilivyotamkwa na nani alijibu mlangoni. Katika sensa ya Marekani ya 1940, aliyejibu maswali amewekewa alama ya X ndani ya duara kando ya jina lake. Kabla ya kulalamika kwamba umri wa familia nzima umekosewa, angalia kama aliyejibu alikuwa wa kaya hiyo au ni jirani.

Vipi kuhusu uhusiano wa watu? Faharasa inasema ni mke wake, kumbe ni dada.

Tazama kama sensa hiyo iliuliza uhusiano kabisa. Marekani haikuwa na safu ya uhusiano na mkuu wa kaya hadi 1880, na Uingereza haikuwa nayo mwaka 1841. Ukiona "mke" au "mtoto" kwenye rekodi ya 1850, 1860 au 1870 ya Marekani, ni makisio yaliyotokana na umri, jinsia na mpangilio wa majina. Hapo hakuna wino wa kulinganisha. Weka maelezo mbadala kama tovuti inaruhusu, vinginevyo liandike jambo hilo kwenye mti wako.

Mahali pa kuzaliwa pamekosewa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye vifupisho. Kwenye fomu za Marekani "Me" ni Maine na "Mo" ni Missouri, na tofauti yake ni mkunjo mdogo wa herufi ya mwisho. Kwa Uingereza ya 1841 safu hiyo haikutaja mji: "Y" au "N" inasema tu kama mtu alizaliwa katika kaunti ile ile anayoishi, na "S", "I" na "F" ni Scotland, Ireland na nchi za kigeni. "N.K." maana yake haijulikani. Si kijiji, ingawa utaikuta imenukuliwa kana kwamba ni kijiji.

Familia yangu imegawanywa, au imeunganishwa na majirani.

Kuna sababu kadhaa, na si zote zinarekebishika.

Ya kawaida ni kaya iliyoanza chini ya ukurasa mmoja na kumalizikia juu ya ukurasa unaofuata. Mnukuzi hufanya kazi picha kwa picha, kwa hiyo watoto walioangukia ukurasa wa pili wakawa kaya isiyo na wazazi. Daima fungua picha moja mbele na moja nyuma.

Katika sensa ya 1841, mwisho wa kaya ndani ya nyumba ulionyeshwa kwa mkwaju mmoja, na mwisho wa nyumba kwa mikwaju miwili. Ikififia, kaya mbili huwa moja.

Kwa Marekani kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1940, kaya zilizokosekana karani alipopita mara ya kwanza ziliandikwa mwishoni kabisa, kuanzia karatasi namba 61 ya eneo la uhesabuji, yaani sehemu aliyopangiwa karani mmoja. Mwaka 1950 zilianzia karatasi namba 71. Nyumba inayoonekana imerukwa mtaani mara nyingi iko huko, mwishoni mwa eneo.

Kuhamisha mtu kutoka kaya moja hadi nyingine kwa kawaida hakuwezekani kwa fomu ya marekebisho ya jina. Tumia sehemu ya kuripoti tatizo la picha au la rekodi, na utaje ukurasa na mstari. Hali ni hiyo hiyo rekodi ikifungua picha ya ukurasa mwingine kabisa, au ukurasa ukikosekana.

Kitufe cha kurekebisha hakipo au kimefifia.

Kwanza ingia kwenye akaunti. Kama tayari umeingia, basi mkusanyo huo haujafunguliwa kwa marekebisho, au kipengele hicho kimekokotolewa, au faharasa ilitoka kwa taasisi nyingine na tovuti haina ruhusa ya kuigusa. Kwenye FamilySearch hutokea pia picha haipo kwenye tovuti hiyo, na bila picha hakuna cha kuhakiki.

Nimerekebisha jana. Mbona nikitafuta silioni jina jipya?

Kuhifadhi na kutafutika ni hatua mbili. Ukurasa wa rekodi unaweza kuonyesha marekebisho papo hapo, wakati orodha ya utafutaji inasubiri kusasishwa. Usiyaingize mara ya pili, utaacha nakala mbili zinazofanana. Kwa tovuti zenye wahakiki, subira inahitajika zaidi.

Nilirekebisha kwenye mti wangu. Mbona rekodi haijabadilika?

Mti na faharasa ni vitu viwili tofauti. Ukibadilisha jina ndani ya mti, umebadilisha hitimisho lako kuhusu mtu. Rekodi uliyoiambatisha inabaki na kosa lake, na binamu asiye na mti wako bado hataipata.

Je, kosa likirekebishwa kwenye tovuti moja, nyingine zinafuata?

Hapana. Kampuni mbalimbali zilinukuu picha zile zile kila moja kivyake, na ndiyo maana jina lililoharibika huku mara nyingi liko sawa kule. Hilo ni faida kwa mtafutaji. Sensa ya 1881 ya Uingereza ni tofauti kidogo: unukuzi uliofanywa na watu waliojitolea wa vyama vya historia ya familia pamoja na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho umetumiwa na tovuti zaidi ya moja, na kosa lake linaweza kukufuata kote. Itabidi uripoti kila mahali.

Mtu mwingine amerekebisha vibaya. Naweza kufuta?

Kwa kawaida huwezi kufuta usomaji wa mwenzako, unaweza kuongeza wako na kueleza sababu. Usiingie kwenye mvutano wa kubadilisha na kurudisha. Rudi kwenye picha kwanza: pengine ni yeye aliyeona mkunjo ambao hukuuona. Kama ni uharibifu wa makusudi, wasiliana na huduma kwa wateja na utaje rekodi husika.

Sensa ya Marekani ya 1950 ina makosa ya ajabu sana. Kwa nini?

Ilipofunguliwa 1 Aprili 2022, baada ya miaka 72 ya usiri inayohitajika kisheria, faharasa ya kwanza ya majina ya National Archives ya Marekani ilikuwa imesomwa na kompyuta. Kompyuta haina habari kwamba jina fulani halijawahi kuwepo duniani, kwa hiyo inatoa mfuatano wa herufi usiotamkika bila wasiwasi. Tovuti ya National Archives iliwaruhusu watu wote kuchapa majina sahihi. Makosa ya mashine yana tabia yake: huganda kwenye mistari iliyokatwa, majina yaliyorekebishwa juu ya mstari, na vistari vya kurudia. Angalia hayo kwanza.

Nitarekebishaje rekodi nisiyoipata?

Acha jina la ukoo. Tafuta kwa jina la kwanza, umri wa kukadiria na mahali pa kuzaliwa, hasa kwa mtoto mwenye jina lisilo la kawaida. Tumia alama za kujazia: nyota husimama badala ya herufi kadhaa, na alama ya kuuliza badala ya herufi moja. "Th?mpson" inakusanya Thompson na Thampson, na "*mpson" inavumilia mwanzo uliosomwa vibaya.

Ikishindikana, nenda kwa mahali badala ya mtu. Kwa Marekani tafuta namba ya eneo la uhesabuji kwa kutumia anwani, kisha pitia picha moja moja. Kwa Uingereza tumia rejea ya hifadhi, yaani namba ya kundi la nyaraka kwenye hifadhi ya taifa: HO 107 ni 1841 na 1851, RG 9 ni 1861, na zinapanda kwa mpangilio hadi RG 13 ya 1901 na RG 14 ya 1911. Rejea ikipatikana kwenye tovuti moja, iandike pamoja na namba ya kipande (piece), ya karatasi (folio) na ya ukurasa (page), kisha ifungue kwenye nyingine kwa namba hizo. Kama hata hapo hapana mtu, jaribu majirani wa sensa iliyotangulia.

Na kabla ya kukesha ukitafuta, hakikisha sensa yenyewe ipo. Ya Uingereza na Wales ya 1931 iliungua Desemba 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na sehemu kubwa sana ya ile ya Marekani ya 1890 iliharibiwa na moto wa Januari 1921 mjini Washington na yaliyoufuata.